Bustani Iliyokunjwa Katikati

Mama alikubali kwenda bustanini siku ya Jumatatu jioni, akiwa na pini nne mdomoni. Nilikuwa nimembembeleza mwaka mmoja na miezi saba. Nilitumia maneno matamu, nikatumia machozi, nikanuna, nikamtuma mtoto. Jibu lake lilikuwa lile lile: kama bustani inamtaka, nyumba si inaiona? Na ije.

Jioni hiyo alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake, akanitazama juu ya miwani.

"Nitakwenda," alisema. "Ila kila hatua arobaini niwe na pa kukaa. Si arobaini na tano. Arobaini."

"Arobaini, Mama."

"Na nikikwama katikati ya watu, nikabaki nimesimama kama nguzo ya taa, usije ukaniomba tena nivuke kizingiti hiki. Nasema mbele ya mke mwenzangu, awe shahidi."

Mke mwenzake ni binti yangu wa miaka mitano. Bibi humwita hivyo tangu azaliwe, utani wa bibi na mjukuu, na mtoto naye anaupokea kwa wivu wa kweli. Sisi wengine tunamwita Maswali. Alikuwa chini ya meza ya kukatia, anaokota vipande vya kitambaa. Akachomoza kichwa.

"Shahidi anapewa nini?"

"Anapewa kuketi kimya," alisema bibi yake.

Mimi nilisimama na pasi mkononi. Niliogopa hata kutabasamu, nisije nikamfanya aghairi.

Mama alikuwa mkataji. Si mshonaji, alipenda hilo lieleweke. Pale karakana ya sare ninakofanya kazi washonaji tulikuwa thelathini, mkataji mmoja. Kwa miaka ishirini na miwili alisimama mbele ya meza ndefu, akakata sare za shule na makoti ya wauguzi, na mkasi wake ukipita kwenye kitambaa ulitoa sauti kama mtu anayenong'ona jambo analolijua vizuri. Halafu siku moja alishuka ngazi akiwa amekumbatia jora la kitambaa cheupe, akaikosa ngazi ya mwisho. Nyonga ikavunjika. Hospitali wakamwekea chuma, mfupa ukaunga, picha zikaonyesha kwamba amepona. Picha haikuonyesha kwamba mama yangu sasa anaiogopa ardhi kama watu wengine wanavyoogopa maji.

Tangu hapo alikaa ndani. Nilimletea pindo za kumalizia, akazishona kwenye meza yake karibu na dirisha. Dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jirani, na juu ya ukuta kuna ukanda wa majani, upana wake kama kiganja. Hizo ni ncha za miti ya bustani. Upepo ukivuma, ukanda ule unatikisika kama pindo la gauni la mtu anayepita upande wa pili bila haraka. Mara nyingi nilimkuta Mama ameacha sindano hewani, anaungoja upite.

Bustani aliijua kwa nje tu. Njia yake ya kazini ilipita kando ya uzio, na katikati ya nondo za uzio huonekana bwawa lenye mayungiyungi.

"Kila asubuhi nilisema, leo nikitoka nitaingia nikae kidogo pale kwenye maji," aliwahi kuniambia. "Na kila jioni miguu ilikuwa inawaka, nikasema kesho. Kesho zangu zote ziko mle, mwanangu. Zinaelea."

Sijui yeye alilisahau neno hilo au la. Mimi nililiota. Niliona maji ya kijani, na juu ya kila jani pana ameketi mama yangu mdogo mdogo na mkoba wake wa kazi magotini, miaka ishirini na miwili ya mama zangu, wote wanatazama getini kama wanaomngoja mtu awafungulie.

Ndiyo maana niliifanya kazi ile kwa makini kuliko mtihani.

Jumanne nilimpaka chaki kwenye visigino, akatembea kutoka kitandani hadi mlangoni, fimbo yake ikigonga sakafu. Nyuma yake zilibaki alama nyeupe, ndogo, kama mwezi uliokatwa. Nilitambaa na futi ya kupimia, nikapima alama hadi alama.

"Sentimita arobaini," nilisema.

"Zamani ilikuwa sitini na tano," alisema Mama. "Nilikuwa naruka madimbwi."

"Bibi, ulikuwa chura?" aliuliza Maswali.

"Nilikuwa binti mzuri kuliko wewe. Muulize babu yako ukimwota."

Kwenye madarasa ya jioni ninayosoma baada ya kazi tulikuwa tumeanza kuchora kwa skeli, sentimita moja ya karatasi ikisimama badala ya mita mbili za dunia. Mwalimu alipoandika hilo ubaoni nilihisi kitu kikifunguka kifuani. Nilidhani mambo ya namna hiyo ni ya wajenga madaraja. Kumbe hata mtu mwenye mama na bustani yanamfaa. Kwa hiyo nilipanga kuichora bustani nzima kwenye karatasi ya kaki ya kukatia, benchi kwa benchi, ili Mama ajue mahali pa kukaa kabla hajavaa viatu.

Alhamisi niliomba kutoka kazini mapema, nikaenda peke yangu. Kutoka getini hadi kwenye bwawa zinakwenda njia mbili sambamba, moja kushoto, moja kulia, na katikati yake kuna ua mrefu wa vichaka vya maua. Nilianza na ya kushoto. Ili nisivuke hatua ya Mama nilikuwa nimekuja na uzi mnene wa sentimita arobaini, nikaufunga kutoka kifundo cha mguu mmoja hadi cha mwingine chini ya sketi. Nikaanza kutembea. Moja, mbili, tatu. Wanafunzi wawili waliokuwa wanakula karanga waliacha kutafuna. Mtoto mmoja alimvuta baba yake shati na kuninyooshea kidole.

Sikujali. Ukitembea kwa hatua ya mtu mwingine dunia inabadilika. Kokoto moja inakuwa habari. Kivuli cha mti unakiingia polepole, kwanza kidole cha mguu, kisha goti, kisha uso, na unatoka ndani yake polepole vile vile, kana kwamba umepita chumbani mwa mtu aliyelala. Nilifikiri: hivi ndivyo anavyoishi sasa. Hatua ya thelathini na nane, benchi. Ya sabini na saba, benchi. Mia moja na kumi na tano. Mia moja hamsini na mbili. Mia moja na tisini. Nikaandika kila namba kiganjani. Hatua ya mia mbili ishirini na sita ncha ya kiatu changu iligusa ukingo wa bwawa, na hapo hapo kengele ya kufunga ikalia.

"Dada mwenye mwendo wa bata!" aliita mlinzi kutoka mbali. "Tunafunga!"

Nikafungua uzi, nikarudi mbio kwa njia ile ile ya kushoto. Njia ya kulia niliichungulia tu katikati ya vichaka. Niliona vivuli vizuri, shina la mti, na ubao fulani wa kulala, kama mgongo wa benchi.

Nyumbani nilitandaza karatasi mezani. Nikachora mstari mmoja mrefu katikati, huo ndio ua wa maua. Nikachora njia ya kushoto na mabenchi yake matano. Kisha nikafanya kile ambacho mikono yangu imekifanya maelfu ya mara bila kuniuliza. Nikakunja karatasi kwenye ule mstari, nikachukua kile kigurudumu chetu chenye meno, nikapita juu ya kila alama ili itoboe hadi upande wa pili. Mama ndiye aliyenifundisha, nikiwa na miaka kumi na sita: vazi lina kushoto na kulia, lakini mkataji hachori zote mbili. Anachora nusu, anakunja, mkasi unapita mara moja. Ukifunua, bega limezaa bega.

Nikafunua. Bustani nzima ilikuwa pale, njia mbili, mabenchi kumi, kila moja likimtazama mwenzake. Ilipendeza kama blauzi.

Mama aliinamia karatasi, akapitisha kidole gumba kwenye mkunjo kama alivyozoea kukagua kazi zetu.

"Safi," alisema. "Mabega yamelingana."

Nililala na sifa hiyo kama mtu aliyelala na shada la maua.

Ijumaa jioni tulifanya mazoezi. Kitanda cha Mama kilikuwa geti. Pipa la maji lilikuwa benchi la kwanza, cherehani benchi la pili, ndoo iliyopinduliwa la tatu. Zulia la mlangoni lilikuwa bwawa, na Maswali alikuwa bata wote. Mama alitembea na fimbo yake, mimi nikahesabu, tukapita, tukageuka, tukarudi, na chumba kile kidogo kikaanza kunuka majani. Naapa kilinuka. Hata taa iliyoning'inia ilikuwa na sura ya jua linalochungulia.

Mume wangu alifika katikati ya safari, spana mkononi, tope hadi magotini. Ni fundi bomba, na nyumba yetu ameizoea. Akasimama mlangoni.

"Naweza kupita, au niko mahali?"

"Uko kwenye bwawa, Baba!" Maswali alipiga kelele. "Vua viatu, unawachafua bata!"

Akavua viatu. Akakunja suruali pia, akavuka zulia kwa ncha za vidole huku akisema, "Maji baridi haya," na Mama akacheka hadi akakaa kwenye pipa bila kungoja hesabu.

Baadaye, tukinywa chai, mume wangu alisema kwa upole, "Mama, mimi nina kile kiti cha kukunja kwenye gari. Tukibebe tu, kwa tahadhari."

"Mnibebee kiti nyuma kama mfalme?"

"Kama mama mkwe."

"Afadhali ungesema mfalme. Baba, nataka kukaa pale wanapokaa watu. Siku nitakayotembea na kiti changu, nitakuwa nimetoka na nyumba mgongoni kama konokono." Kisha akaweka kikombe chini. "Na kila kitu kipo kwenye karatasi. Mtoto wangu amepima."

Pini zile nne za Jumatatu, nimesahau kusema, zilikuwa za shuka la kukalia. Alikuwa anaunganisha vipande vya sare, bluu ya shule, nyeupe ya wauguzi, kaki ya walinzi. Aliumaliza mshono wa mwisho Ijumaa hiyo. Hilo lilikuwa letu, mimi na Maswali, tukae chini. Yeye angekaa juu, kwenye benchi, kama mwenyekiti wa kikao.

Kuhusu chini alikuwa na msimamo wake. Mwaka jana hospitali ilimtuma dada mmoja wa mazoezi ya viungo, kila Jumatano kwa miezi mitatu. Alimfundisha Mama kupanda ngazi, kugeuka, kuinama. Ilipofika zamu ya kujifunza kuinuka kutoka sakafuni, Mama alikataa katakata.

"Nilishafika chini mara moja. Sirudi tena mpaka nitakapopelekwa na watu wanne."

Dada wa mazoezi akamfundisha Maswali badala yake, ili bibi angalau atazame. Maswali aliufanya mchezo. Kwa wiki nzima hakukuwa na mdoli aliyelala ndani ya nyumba yetu bila kuinuliwa kwa utaratibu.

Jumamosi saa tatu asubuhi mume wangu alituteremsha getini kutoka kwenye gari lake la kazi. Alitaka kubaki, lakini simu ililia, bomba limepasuka shuleni. Mama akamfukuza kwa fimbo.

"Nenda, watoto wa watu wataogelea. Sisi tuna ramani."

Saa sita angerudi kutuchukua. Tukaingia. Mama alikuwa amevaa gauni lake la rangi ya majivu na viatu vya kufunga kamba. Mkono wake ulikuwa umenishika kiwiko kwa nguvu za mtu anayeshika ukingo wa daraja. Hewa ilikuwa tulivu, na jua lilikuwa bado halijaamua kuwa kali.

Mtunza bustani alikuwa pale ndani ya geti, mzee wa ovaroli la kijani, ndoo ya rangi mkononi, toroli lake pembeni.

"Karibuni. Pitieni kulia, mama zangu. Mabenchi ya kushoto nimeyapaka asubuhi hii, rangi mbichi. Mkiketi mtaondoka na mistari."

Nikamtazama Mama, nikaona macho yake yanahesabu. Nikafunua karatasi haraka.

"Ni sawa tu, Mama. Tazama. Kulia kama kushoto."

Akagusa mkunjo. "Bega ni bega," alisema. "Twende."

Moja, mbili, tatu. Maswali alihesabu kwa sauti, akiwa mbele yetu na shuka kichwani kama kilemba. Njia ya kulia ilikuwa nzuri kuliko ya kushoto, hilo nitalisema hata leo. Miti ilikuwa mikubwa zaidi na ilikuwa imeshikana juu, hivyo mwanga ulituangukia vipande vipande, ukitembea juu ya gauni la Mama. Mahali fulani mtu alikuwa anadundisha mpira, na sauti ilitufikia imechelewa. Mama alianza kulegeza vidole. Hatua ya ishirini aliachia kiwiko changu kabisa, akabaki na fimbo. Nilitembea kando yake bila kuhema, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa.

"Thelathini na saba," alisema Maswali. "Thelathini na nane. Benchi!"

Hapakuwa na benchi.

Tulisimama. Mbele yetu njia iliendelea, nyeupe, tupu, nyasi kila upande. Ule ubao nilioudhania mgongo wa benchi ulikuwa ubao wa kuegemeza mche mchanga wa mti.

"Labda arobaini na mbili," nilisema.

Tukasogea. Arobaini. Arobaini na tatu. Hatua ya arobaini na sita Mama alisimama, na nikajua hataweza nyingine. Mguu wa chuma ulianza kutetemeka ndani ya gauni. Ng'ambo ya vichaka mabenchi matano yalikuwa yanang'aa kwa rangi mpya, karibu kiasi cha kuweza kuyatupia jiwe. Nyuma yetu, hatua arobaini na sita hadi getini. Akina mama wawili waliovaa nguo za mazoezi walipunguza mwendo, wakatutazama kwa ile huruma inayochoma.

"Nguzo ya taa," alisema Mama kwa sauti ndogo.

"Mama, nisamehe. Upande huu sikufika. Nilipima kushoto tu, nikakunja."

"Ulikunja."

"Nikapitisha kigurudumu."

Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Nilikuwa nimeshaona siku zote zinazokuja, dirisha, ukuta, ukanda wa majani, na mimi siruhusiwi tena hata kutaja neno bustani. Mwaka mmoja na miezi saba, na nimempoteza kwa benchi.

"Na nani alikuambia," alisema mwishowe, "kwamba dunia ina mkunjo katikati?"

Niliutazama mkunjo kwenye karatasi.

"Mimi," alijijibu. "Mimi ndiye niliyekuambia. Na juzi nikaja nikasifia mabega." Kona ya mdomo wake ilicheza. Alitaka kukasirika na akashindwa njiani. "Wakataji wawili nyumba moja, hakuna hata mmoja mwenye akili."

Mtunza bustani alikuwa ameona. Akaja anasukuma toroli, uso umejaa wasiwasi.

"Upande huu hauna viti tangu zamani," alisema. "Kule wa kukaa, huku wa kujinyoosha. Mama, panda hapa nikusogeze hadi getini."

"Baba," alisema Mama, na mguu bado unatetemeka, "mimi si samadi."

"Samadi hainijibu hivyo," alisema yule mzee.

Wakati huo Maswali alikuwa ameshatoka njiani. Alikuwa ametandaza shuka la vipande kwenye nyasi, hatua tatu tu kutoka tulipo, amelala chali, mikono ameitupa kama aliyeanguka kutoka mawinguni kwa hiari.

"Bibi, njoo. Hapa pana nafasi."

"Siwezi, mke mwenzangu."

"Unaogopa kulala?"

"Kulala siogopi. Naogopa kuinuka."

Maswali akaketi. Uso wake ulikuwa na mshangao wa mtu aliyesikia jambo la kijinga kutoka kwa mtu mwenye heshima.

"Kuinuka mimi nakujua," alisema. "Geuka ubavu. Egemea kiwiko. Piga goti. Shika kiti. Mguu mzima mbele. Simama."

Mama alimtazama mtoto. Kisha akatazama nyasi, kwa muda, kama alivyokuwa anatazama kitambaa cha bei kabla hajaweka mkasi.

"Nishike kwapani," aliniambia. "Usiniachie mpaka niseme."

Ilituchukua muda. Goti moja, fimbo, goti la pili, mkono wangu, kiganja chake kwenye nyasi. Alipogusa ardhi alifumba macho, na nilisikia pumzi yake ikikatika kama uzi. Halafu hakuna kilichotokea. Ardhi ilimpokea tu. Akaketi, akajinyoosha kidogo kidogo, akalala.

"Niachie," alisema.

Nikamwachia, nikalala upande wake wa kushoto. Maswali alikuwa kulia. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliiona bustani kutoka chini, na sikujua kwamba sehemu kubwa yake iko juu. Majani yalikuwa mengi kuliko idadi, yanapishana, yanafunua vitundu vya buluu na kuvifunga tena. Upepo ulipokuja, hakuna kilichobaki mahali pake, na bado kila kitu kilikuwa kimetulia. Nilihisi kama tumelala chini ya bwawa kubwa la kijani na watu wanatembea juu ya maji. Sauti ya mpira iliendelea kuja, imechelewa, kama moyo wa mtu aliye mbali.

Nilidhani Mama amelala usingizi. Lakini macho yake yalikuwa wazi, na machozi yalikuwa yanashuka kwenye masikio bila yeye kuyajali.

"Kumbe dirishani nilikuwa naona pindo tu," alisema. "Gauni lenyewe ndilo hili."

Sijui tulikaa muda gani. Sisimizi mmoja alivuka kitambaa cha wauguzi, akaingia kwenye kaki ya walinzi. Mtunza bustani alirudi kwenye rangi zake, kisha akapita tena kana kwamba ana shughuli upande wetu, kisha akapita mara ya tatu.

"Haya, mwalimu," alisema Mama. "Niamshe."

Maswali akasimama, mikono kiunoni. "Geuka ubavu."

Akageuka.

"Egemea kiwiko. Siyo hicho, Bibi! Kile. Piga goti."

Mama alipiga goti, akihema, nywele zimejaa nyasi.

"Shika kiti."

Maswali alitazama kulia, akatazama kushoto. Kiti hakikuwepo. Mzee wa ovaroli alianza kuja mbio na toroli, lakini mimi nilikuwa karibu zaidi. Nikapiga magoti mbele ya Mama, nikaweka viganja chini, nikanyoosha mgongo.

"Shika, Mama."

Mkono wake ulitua katikati ya mabega yangu. Kwanza mwepesi, kama anayekagua mshono. Kisha akaweka uzito, wote, uzito wa yale majora na zile ngazi na mwaka mmoja na miezi saba, na nikaona nyasi zikikaribia uso wangu, nikakaza mikono.

"Mguu mzima mbele," ilisema sauti ya mtoto. "Sasa simama."

Mkono uliondoka mgongoni. Nilipogeuza kichwa niliona viatu viwili vya kufunga kamba vimesimama, na juu yake gauni la rangi ya majivu, na juu kabisa uso wa mama yangu uliochanganyikana na majani. Yule mzee alikuwa ameshika toroli, anatazama pembeni, anapangusa pua kwa mkono wenye rangi.

"Nipe karatasi," alisema Mama.

Nikampa. Akatoa kipande cha chaki kutoka kifuani, hajawahi kutoka nyumbani bila chaki. Akanigeuza, akaitandaza karatasi mgongoni mwangu. Nilihisi chaki ikiyapiga mstari mabenchi ya upande wa kulia, moja baada ya jingine, yote matano. Kisha nikahisi mistari miwili mifupi, iliyopishana.

"Umechora nini, Bibi?" aliuliza Maswali.

"Msalaba wa mkataji. Hapa arobaini na sita, pa kulala."

Akakunja karatasi, safari hii bila kufuata mkunjo wangu, akaitia mkobani. Nikaanza kukung'uta shuka, nikiangalia upande wa geti, nikiwaza jinsi ya kumrudisha. Nilipoinua macho alikuwa ameelekeza fimbo upande mwingine, kule mwisho wa njia ambako maji yalikuwa yanametameta katikati ya mashina.

"Mama, huko mbele hakuna benchi hata moja."

"Chini kupo?"

"Kupo."

"Basi."

Akanyoosha mguu.

"Arobaini na saba," alisema Maswali.